Mikono Kiunoni Haitoshi

Vijana wenzangu, yule jamaa wa kwenye stika mnamjua. Upara, kizibao, mikono kiunoni, midomo kaibana kama baba aliyeletewa ripoti mbaya ya shule.

Yale hayakuwa maigizo. Ni tarehe 12 Juni 2019, Taunton, Uingereza, Kombe la Dunia la kriketi, Pakistan na Australia. David Warner kapiga mpira juu, mdakaji wa Pakistan kauwahi, ukamponyoka. Kamera ikamnasa shabiki wetu. Hakutukana, hakurusha chupa. Alisimama tu akitazama. Pakistan ikapoteza kwa mikimbio 41, sura yake ikazunguka dunia, na mwaka 2021 ikafika hadi kwenye maonyesho ya memes Hong Kong.

Mimi namuelewa kabisa. Afanye nini? Shabiki haruki uzio akadake mwenyewe. Hapangi kikosi wala hafukuzi kocha. Kununa ndiyo silaha yake pekee.

Sasa sisi je? Bomba la mtaa likikauka, tunarusha ile stika kwenye magrupu, tunacheka, tunalala. Aisee, katika nchi hii sisi siyo mashabiki! Mkutano wa mtaa unaruhusiwa kuingia na kuuliza. Jina lako kwenye daftari la wapiga kura unalikagua mwenyewe. Wakala wa kulinda kura kituoni ni kijana kama wewe.

Stika tuma, cheka sana. Halafu shusha mikono kiunoni, ingia uwanjani.