Mishale ya Upepo Iseme Kweli

Nafundisha fizikia ya bahari chuoni, na ramani ya upepo ambayo mishale yake haikukaguliwa huirudisha kwa mwanafunzi bila kuipa alama. Wengine huniona mkali. Sitalegeza, kwa sababu mshale ulioelekea kando unafundisha uongo.

Chukua pwani ya Somalia. Upepo wa kusi ukishavuka ikweta hugeuka, ukavuma kutoka kusini-magharibi, takriban sambamba na ufuo. Kwa msaada wa mzunguko wa dunia, husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini. Samaki hufuata rutuba hiyo.

Sasa ichore kwa Matplotlib, programu ya kuchora grafu, bila kuipa maagizo. Programu huinyoosha ramani ijaze nafasi iliyopo. Ikivutwa kwa upana, ufuo unalala, lakini mishale haifuati, maana pembe zake hupimwa kwa karatasi, si kwa mihimili. Upepo unaonekana ukiingia nchi kavu! Mwanafunzi akiuliza maji baridi yametoka wapi, ramani hiyo haina jibu.

Dawa ipo. Karibu na ikweta, digrii ya longitudo na ya latitudo hukaribiana urefu, basi funga uwiano kwa set_aspect('equal'). Kwenye latitudo 60, digrii ya longitudo ni nusu tu, hivyo huko tumia makadirio halisi ya ramani. Grafu ambayo mihimili yake haina kipimo kimoja, mfano ya idadi ya simba na swala, iandikie angles='xy' ili mishale ifuate mihimili. Kisha ijaribu: chora maji yanayozunguka kitovu, pitisha duara juu yake. Mishale iguse mstari wa duara, isiukate.

Nanyi wasanifu wa kurasa za magazeti, msivute picha kwa ubavu mmoja ili ienee safu. Mishale ya mashariki na magharibi itarefuka kuliko ya kaskazini na kusini, ilhali kasi ni ileile, na msomaji hupima kasi kwa urefu wa mshale. Vuteni kwa kona, uwiano ubaki.

Mwalimu asipokee, wala mhariri asichapishe, mchoro wa mishale ambao uwiano wake haukukaguliwa au ambao hauna mshale wa kipimo pembeni, unaoonyesha urefu upi ni kasi ipi.