Butiama Haikuwa na Kiti cha Enzi

Kila Oktoba, tunapokumbuka kifo cha Mwalimu, hadithi ile ile hurudi: kwamba Julius Nyerere alitoka katika ukoo wa kitawala wa tangu na tangu, na uongozi ulikuwa kwenye damu. Ni hadithi tamu, na wanaovishwa uchifu siku hizi kwenye majukwaa ya siasa wanaipenda mno. Kasoro yake ni kwamba baba yake, Nyerere Burito, aliwekwa na Wajerumani kuwa chifu wa Wazanaki wa Butiama mwaka 1915. Mwalimu alizaliwa Aprili 1922. Utawala wa babake ulikuwa na miaka saba tu, na tayari ulishabadilisha mabwana, maana Waingereza walimkuta Burito wakamwacha pale pale.

Kabla ya hapo Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja. Waliishi katika jumuiya ndogo ndogo, na mambo yao yaliamuliwa na wazee, marika na wenye uwezo wa kuleta mvua. Hata Ikizu, upande wa Bunda, ambako masimulizi yanamtaja mwanamke mtawala, Nyakinywa aliyetoka Kanadi, Usukumani, nguvu yake ilikuwa mvua, tena ilimbidi apatane kwanza na Isamongo aliyemkuta hapo. Mkoloni hakuwa na subira na mamlaka ya kupatana. Alitaka mtu mmoja wa kumdai kodi na vibarua, na pale alipomkosa, alimtengeneza. Gavana Donald Cameron, alipoeneza utawala kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, alikipaka kiti hicho rangi ya mila, na rangi hiyo ndiyo tunayoipigia magoti leo.

Wapo watakaosema: asingekuwa mtoto wa chifu, asingeiona Shule ya Mwisenge. Pengine ni kweli. Serikali ilipenda watoto wa machifu wasome, na mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Julius akapelekwa shuleni hapo, Musoma. Inasimuliwa pia kuwa Chifu Makongoro wa Ikizu, aliyezoea kucheza bao na kijana huyo, ndiye aliyemshauri Burito ampeleke shule. Lakini hoja hii inabomoa kile inachotaka kujenga: inaonyesha kwamba kiti kilimpa nafasi ya darasani, na nafasi yenyewe ilitokana na sera ya Mwingereza. Wala hakuwa mrithi. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya 22, na Burito alipofariki mwaka 1942, uchifu ulimwendea mwanawe mwingine, Edward Wanzagi. Julius akaenda zake Makerere.

Jenerali David Musuguri naye alizaliwa Butiama, mwaka 1920, akajiunga na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1942, na kuanzia 1980 hadi 1988 akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Sijasikia mtu akimtafutia mababu wafalme ili aeleze alivyoongoza katika vita vya Kagera. Tunakubali kwamba alijifunza kazi yake. Kwa Mwalimu tu ndipo tunaona elimu na siasa za chama cha TANU hazitoshi.

Naye mwenyewe alishatoa hukumu. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima, nyumba ya babake ikiwemo. Walimu wa historia wa Musoma, Bunda na Butiama, wafundisheni watoto mwaka 1915 kabla ya kuwafundisha 1922.