Picha ya Gari na Farasi Chongo



Wapendwa waamini, juma hili tunapenda kunena waziwazi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa werevu wa biashara tu. Mtu anataka kuuza gari lake. Analipiga picha, kisha kwa simu hiyohiyo anafuta mikwaruzo ya mlangoni, anafunika kutu na kung'arisha rangi iliyopauka kwa jua. Hapa Bububu, ambako upepo wa bahari huleta chumvi hadi uani, sote twajua kutu inavyotafuna bati. Katika picha, kutu hiyo haipo.

Tukikemewa twajitetea: "Mnunuzi si atakuja kulitazama mwenyewe?" Hoja hii ni dhaifu. Mnunuzi wa Pemba hulipa nauli ya boti kuja Unguja kwa kuiamini picha ile. Ndugu aliyeko Maskati hutuma fedha ili jamaa zake wapate gari, naye hana macho mengine ila picha. Nasi wenyewe, tunapoagiza gari lililotumika kutoka Japani, tunategemea picha. Likishushwa bandarini halifanani nayo, twalia kwamba tumeibiwa. Je, wizi huo hugeuka biashara halali tunapoutenda sisi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijadili suala hili kwa mfano wa farasi. Alifundisha kwamba kasoro inayoonekana, kama farasi kuwa chongo, muuzaji hafungwi kuitangaza, mradi bei iwe ya haki. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kuleta hasara au hatari, anawajibika kuisema. Sasa tutafakari: mwenye kuifuta kutu pichani anaichukua kasoro iliyokuwa wazi na kuifanya ya siri. Anamtia farasi chongo jicho la pili!

Hatusemi kwamba kuliosha gari ni dhambi, wala kungoja mwanga mzuri wa asubuhi, wala kuangaza picha iliyotoka na giza, wala kuziba namba ya usajili. Mpaka uko hapa: kuiboresha picha ili gari lionekane lilivyo ni haki, kuiboresha ili lionekane lisivyo ni uongo.

Majirani zetu Waislamu hufundishwa kisa cha Mtume wao aliyetia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Basi Mkristo akidanganya katika mji huu, analiaibisha jina la Kristo mbele ya watu wanaoijua haki ya soko.

Katekismu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inautaja udanganyifu katika biashara kuwa kinyume cha amri ya saba. Na namba 2412 inadai kurudisha kilichochukuliwa isivyo haki. Kwa hiyo haitoshi kupiga magoti kitubioni na fedha ya mwenzetu imo mfukoni. Zakayo hakumwambia Bwana kwamba anasikitika tu. Aliahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8).

Basi, kabla ya Dominika ijayo, mwenye picha ya namna hiyo aiondoe, aweke ya kweli na bei ya kweli. Na aliyekwisha kuuza, amtafute mnunuzi wake.