Mia Tano ya Serikali ni ya Sahani ya Mama, si ya Mkebe

Mama mmoja wa upande wa Marafa aliniletea mtoto wa miezi mitatu ambaye uzani wake ulikuwa umepita ule wa siku ya kuzaliwa kidogo tu. Homa hakuwa nayo wala kikohozi. Nyumbani walikwisha kuamua kwamba ni chirwa, na mtu wa pwani hii hahitaji kuelezwa maana yake: baba au mama ametoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayelipa. Nilipomwomba anionyeshe anachomlisha, alitoa mkobani chupa yenye maji meupe, mepesi mno hata niliviona vidole vyangu upande wa pili.

"Daktari, natia kijiko kimoja kwa chupa nzima, ndipo mkebe ufike mwisho wa mwezi," akaniambia bila kuficha. Mkebe wenyewe ulinunuliwa kwa pesa za Inua Jamii anazolipwa mama mkwe wake.

Hebu tupige hesabu, msomaji. Mtoto mchanga asiyenyonya kabisa huhitaji, kwa wastani, unga wa maziwa gramu 110 hivi kwa siku. Mkebe wa gramu 400 basi humtosha siku tatu na nusu. Kwa miezi sita ya kwanza ni kama kilo 20, yaani mikebe 50. Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango wa NICHE, uliofikishwa Kilifi pamoja na Kitui, Marsabit, Turkana na West Pokot, uliweka juu yake shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mama mjamzito au mtoto wa chini ya miaka miwili, zisizidi 1,000 kwa nyumba moja. Nenda duka lolote la Malindi uulize mkebe wa gramu 400. Kwa mia tano hulipati hata hilo moja.

Kwa hiyo anayenunua mkebe kwa pesa hizi hana budi kuuzimua. Hilo si kosa la akili, ni hesabu iliyogoma. Na sijataja mafuta ya taa ya kuchemshia maji, wala chupa inayotakiwa kusafishwa kila mara. Pampu za Baricho zikizimwa, mji mzima wa Malindi hutafuta maji ya mitungi, na kisima cha jirani hakina anayekipima.

Wako wenzangu katika udaktari wanaosema dawa ni kuwazuia: pesa za serikali zisinunue maziwa ya mkebe hata kidogo. Wengine wanataka kinyume, serikali iyanunue na kuyagawa. Mimi siko na hawa wala wale.

Botswana iliyagawa bure kwa akina mama wenye virusi vya Ukimwi, kwa nia njema kabisa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 2006 zilipochafua maji, watoto kwa mamia walikufa kwa kuhara, na walioumia zaidi ni wale wasionyonya. (Siku hizi hapa Kenya mama mwenye virusi aliye kwenye dawa hushauriwa anyonyeshe kama wenzake.) Hata Marekani, ambako mpango wa serikali wa WIC hulipia karibu nusu ya maziwa ya watoto yanayouzwa nchini, kiwanda kimoja cha Abbott kilipofungwa mnamo Februari 2022, wazazi walijikuta wakizunguka na kadi mkononi mbele ya rafu tupu.

Na kumkagua mama dukani kutaleta nini? Hanunui mkebe kwa anasa. Ananunua kwa sababu ameambiwa maziwa yake hayatoshi, au kwa sababu anafua shuka za wageni Watamu na amerudi kazini mtoto akiwa na wiki sita. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, lakini kibarua wa siku ataidai kwa nani? Sheria ya 2012 nayo ilipiga marufuku kuyatangaza maziwa haya. Ni sheria nzuri, ila mwenye njaa hahitaji tangazo.

Mama anayenyonyesha huhitaji kalori kama 500 za ziada kila siku. Hapo ndipo mia tano ya serikali ina kazi: kunde, dagaa, mayai, nazi, unga. Maziwa nayo hutengenezwa kwa kunyonywa. Kila chupa inayoingia kati hupunguza agizo, na wiki ya tatu mama huona kweli hayatoshi. Muuguzi wa zahanati akilieleza hili siku pesa zinapotolewa, ataokoa wengi kuliko mimi na vyombo vyangu.

Yuko mmoja ambaye siwezi kumwambia hivyo, naye ni yule aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa. Huyo mkebe ni haki yake. Lakini ikiwa anatakiwa kula mikebe 50, kumwachia nyanya yake mia tano ni kumwambia azimue. Kaunti imlipie yote, kupitia mtaalamu wa lishe hospitalini, kwa miezi yote sita, na mlezi afundishwe kuchanganya.

Yule wa Marafa tulimlaza. Watafiti wa KEMRI pale Kilifi wamewahi kujaribu kuwaweka wodini akina mama wa kienyeji wawasaidie wenzao kurudisha maziwa, nasi tulifuata njia hiyo: kimrija chembamba kando ya chuchu, kikombe cha maziwa upande wa pili, mtoto anyonye huku akipata. Siku tano za kwanza alilia yeye na mamake. Baada ya wiki mbili kimrija kilitolewa.

Mama mkwe alikuja kuwachukua. Akaniuliza malipo yakitoka anunue nini. Nikamwambia mayai.

"Mtoto wa miezi mitatu ale mayai, daktari?"

"La, mama. Ya mkaza mwanao."

Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama yule msichana kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.