Kabla ya Kununua Mashine Mpya, Tuifungue ya Zamani

Ofisi yetu ya Lubaga ina laptopu moja tu. Humo mna daftari la wanachama, hesabu ya ada, na mafaili ya wenzetu waliofukuzwa kazi. Miezi michache iliyopita mwenzetu mmoja, mchuma chai wa upande wa Mityana, alipanda teksi alfajiri, akashuka Busega, akaja kutafuta nakala ya barua yake ya kufukuzwa. Tukafungua faili, mashine ikaganda. Tukaizima, tukaiwasha, ikaganda tena. Jioni alirudi mikono mitupu, na nauli imekwenda.

Jambo hili si dogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa aliyefukuzwa bila haki miezi mitatu kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Afisa anaweza kumpokea aliyechelewa akiona ni haki, lakini riziki ya mtu haiwekwi juu ya neno "anaweza". Kila siku inayopotea mbele ya kioo kilichoganda ni faida ya mwajiri.

Kamati ilipokaa, wengi walitaka inunuliwe mashine mpya. Mwenye duka mmoja mjini alituambia vivyo hivyo, wala hakuifungua ile ya zamani. Sisi tulikataa kwanza. Ada ya chama ni jasho la mchuma chai na la mama wa kiwandani. Haitolewi kwa sababu muuzaji amesema.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja Ndeeba. Akakuta kumbukumbu yake, ile mafundi wanayoiita RAM, ni gigabaiti 4 tu. Nasi twaeleza kwa lugha ya shamba. Diski ya mashine ni ghala, na kumbukumbu ni kapu la mgongoni. Ghala liwe kubwa namna gani, kapu likiwa dogo mchumaji atashinda njiani, kwenda na kurudi kwenye mizani. Mashine yetu ilikuwa mchumaji hodari aliyepewa kapu la mtoto.

Fundi alitazama kwanza kama kuna nafasi ya kuchomeka kipande kingine, maana katika laptopu nyingine kumbukumbu imeunganishwa kabisa na bodi wala haiongezeki. Akatazama aina, kwa kuwa DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kisha akaizima, akachomoa chaji na betri, akagusa chuma ili kuondoa umeme wa mwilini. Akaingiza kwa mshazari kipande kilichotumika cha gigabaiti 4, akakibonyeza mpaka vishikizo vikalia. Kazi yote haikupita muda wa kunywa chai. Sasa tuna gigabaiti 8, na daftari linafunguka.

Wapo wanaosema huku ni kuahirisha tu. Hoja yao ina uzito. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11 hata zikiongezwa kumbukumbu. Yetu inakubaliwa, tuliuliza kabla ya kutoa senti. Isiyokubaliwa ipimwe upya, na huenda hapo mashine mpya ikawa halali. Tunachopinga ni kununua kabla ya kuuliza.

Tena tusikawie. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za dunia hutengenezwa na makampuni matatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Yameona faida kubwa zaidi katika mitambo ya akili bandia, yakaelekeza nguvu huko, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu za kawaida imepanda sana. Mnyonge analipia karamu asiyoalikwa.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, mashine isinunuliwe kabla fundi hajaifungua ile iliyopo mbele ya wajumbe wawili. Pili, mafaili yanakiliwe kwenye diski nyingine kabla ya kwenda kwa fundi, na mashine isiachwe kwake peke yake, kwa kuwa majina na mishahara ya wanachama ni amana, na yanalindwa na sheria ya mwaka 2019. Tatu, vijana wawili wa tawi wasimame wakitazama, wajifunze. Anayejua kilichomo ndani ya mashine hadanganywi dukani.

Mwenzetu wa Mityana alirudi wiki iliyofuata. Barua ilipatikana, na malalamiko yakafika kwa afisa wa kazi kabla ya miezi mitatu kwisha. Kesi inaendelea, nasi tuko naye.

Umoja ni nguvu!