Umoja au Zimmerman? Kodi peke yake haitoshi

MAMA mmoja wa watoto wawili ameniletea swali ambalo najua limewakosesha usingizi wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Mumewe ameajiriwa katika kiwanda huko Industrial Area, Nairobi. Yeye huuza nguo za mitumba. Wamepata nyumba mbili, kila moja yenye chumba kimoja cha kulala. Ya Umoja ni Sh15,000 kwa mwezi, ya Zimmerman Sh12,500. Bwana anataka Zimmerman, mama anataka Umoja. Wiki ya tatu hii hawajaelewana, na mwisho wa mwezi hausubiri mtu.

Dada, kwanza tuijue mitaa yenyewe. Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliotokana na msaada wa Marekani, ili watu wa mapato madogo wamiliki vijumba vyao. Baadaye wenye vijumba walionja utamu wa kodi, wakajenga kwenda juu. Leo kuna mahali jirani anaweza kukupokeza kiberiti kutoka roshani yake bila kuinuka kitini. Zimmerman nayo ilipata jina kutoka kwa Paul Zimmermann, Mjerumani aliyekuwa na karakana ya kutengeneza ngozi na vichwa vya wanyama waliowindwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Siku hizi palipokuwa na mashamba ni ghorofa tupu.

Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba huku ni kwa wastaarabu na kule ni kwa vurugu. Msongamano ni ule ule. Tofauti kubwa kwenu iko barabarani.

Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, watu husema Zimmerman ni karibu. Ni karibu kweli, ikiwa kazi yako iko katikati ya jiji au Ruaraka. Lakini shemeji anakwenda viwandani. Akitoka Zimmerman itambidi ashuke Allsops au mjini, apande gari la pili. Akitoka Umoja kwa matatu inayopitia Barabara ya Jogoo, anashuka Makadara na kufuata Barabara ya Likoni kwa miguu. Tuseme gari hilo la pili ni Sh50. Kwenda na kurudi ni Sh100, na kwa siku 26 za kazi ni Sh2,600. Zile Sh2,500 alizodhani ameziokoa kwenye kodi zimeingia mfukoni mwa makanga, na Sh100 zaidi. Hapo hatujataja siku za mvua, nauli inapopanda kama moshi.

Nawe je? Soko la Mutindwa liko mlangoni pa Umoja. Unaweza kwenda kwa miguu, ukauza, ukarudi kabla mtoto wa chekechea hajafika nyumbani. Waume wengi hawalitii jambo hili katika hesabu, ilhali yaya wa kumpokea mtoto hulipwa.

Hata hivyo, shemeji ana neno lake na tusimpuuze. Umeniambia nyumba ya Umoja iko chini kabisa, taa huwashwa saa sita mchana, ukuta wa chumbani una ukungu, na kifungua mimba wako ana pumu. Hilo ni zito kuliko nauli. Ukungu humsumbua mgonjwa wa pumu, na rangi mpya ambayo keateka ameahidi itauficha kwa miezi michache tu.

Maji ni taabu ya mitaa yote miwili. Nairobi hutegemea sana bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, na maji hugawiwa kwa zamu. Keateka usimwulize, atakuapia kwamba hapo maji hayapotei. Muulize mpangaji anayeanika nguo, kisha uchungulie ni mitungi mingapi ya lita 20 aliyopanga jikoni. Ukiambiwa kuna kisima, usishangilie upesi. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ambayo huwaachia watoto madoa ya kahawia kwenye meno. Kuchemsha hakuiondoi. Maji hayo yafulie, ya kunywa tafuteni kwingine.

Na jengo lenyewe likagueni. Lile lililoanguka Huruma mwaka wa 2016 liliua watu karibu 50, na Desemba 2019 jingine likaporomoka Tassia. Nyufa pana kwenye nguzo, milango iliyokataa kufungika na ghorofa mpya inayoongezwa juu ya wapangaji ni sababu tosha ya kugeuza njia.

Kama ningekuwa ninyi, ningechagua mtaa wa Umoja lakini nyumba hiyo ningeiacha. Tafuteni nyingine orofa ya pili au ya tatu, yenye dirisha linaloona jua, hata mkiongeza Sh500. Nendeni wote wawili, tena siku ya kazi saa moja jioni, mtembee kutoka steji hadi langoni kwa miguu yenu. Jumamosi asubuhi kila mtaa hupendeza. Dipoziti isitoke mkononi kabla ya safari hiyo, na ikitoka, risiti iwe na jina la mpangaji, nambari ya nyumba na kiasi kilicholipwa.