Bunia, Kisangani ao Kampala: hesabu feza yote, si minervali tu

Matokeo ya Egzeta yakitoka, familia nyingi za Ituri zinauliza: mtoto abaki kwenye iniversite ya serikali hapa Bunia, ao avuke mupaka aende Kampala? Jirani akituma wake, na sisi tunataka kutuma.

Wazazi wanalinganisha minervali. Lakini Bunia mtoto analala nyumbani, anakula kwa mama yake. Kampala kuna nyumba ya kupanga, chakula, usafiri, vyote kwa shilingi, na wewe unatafuta franka. Tena masomo ni kwa Kiingereza: aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuhitaji miezi ya luga kwanza, nayo inalipiwa.

Congo iliingia EAC mwaka 2022. Basi uliza chuo, kwa maandishi: Mukongomani analipa bei ya watu wa EAC ao ya wageni? Usiridhike na jibu la komisionere.

Kuna pia ekivalansi: diplome ya inje inapitishwa kwenye wizara ya elimu ya juu, Kinshasa. Kwa sheria, mimi nasema abaki. Uganda wanafundisha sheria yenye mizizi ya Uingereza, na tribinali zetu zinafuata ile iliyotoka Ubelgiji. Informatiki ni jambo lingine; kule Kiingereza ni faida.

Wengi wanasahau Kisangani. Ni provensi ingine, mtoto atapanga nyumba, lakini Kifaransa ni kile kile na diplome haihitaji ekivalansi. Inabaki barabara ya kufika huko, na hali yake munaijua.